Uboho Ukichoka, Tiba Ipi?
Katika maielodisplasia, uboho wa mifupa unatengeneza chembe za damu mbovu. Wagonjwa wengi ni wazee. Sasa, tiba inachaguliwaje? Kwanza daktari anapima hatari: chembe changa ngapi zimejaa kwenye uboho, kromosomu zimeharibika vipi, damu imepungua kiasi gani. Hatari ikiwa ndogo, lengo ni mgonjwa aishi vizuri: sindano za erithropoietini, au kuongezewa damu. Ikiwa kubwa, ugonjwa unaweza kugeuka lukemia kali; hapo hutumika azasitidini. Kinachoweza kuponya kabisa ni kupandikizwa uboho tu, lakini mwili wa mzee wa miaka 80 mara nyingi hauhimili. Kwa hiyo wapo wanaoishi kwa chupa za damu, mwezi hadi mwezi. Kambi ya kuchangia damu ikija chuoni, usipite pembeni.