Majina Yaliyochongwa Mawe

Twende Chipping Campden, mji mdogo wa soko huko Uingereza, uliotajirika zamani kwa sufu ya kondoo. Banda la soko, lenye matao ya mawe ya manjano, lilijengwa mwaka 1627 na tajiri Baptist Hicks, wauza siagi na jibini wasinyeshewe. Sakafu yake imelika kwa nyayo. Heri isisawazishwe kamwe! Nyumba ya Grevel, mfanyabiashara wa sufu aliyefariki mwaka 1401, ingali inasimama na dirisha lake la fahari. Lakini sisi twapenda zaidi msalaba wa ukumbusho barabarani, kazi ya Griggs, msanii Mkatoliki. Grevel ana nyumba nzima ya kumkumbusha. Vijana waliokufa katika vita ya 1914-1918 wana majina yao tu, na wapita sokoni huyasoma.