Kurekodi Dramu Nyumbani: Tuyaangalie na Masikio

Siku hizi si lazima kwaya ya vijana isafiri hadi mjini kurekodi nyimbo. Kompyuta moja na vipaza sauti viwili vitatu vinatosha, na chumba cha nyumbani kinageuka studio. Sisi wauguzi hatulipingi jambo hilo. Lakini tuliwahi kumpokea kijana mpiga dramu aliyelalamika kwamba masikio yameziba na yanavuma tangu jana yake. Aliomba asafishwe nta. Tulipomtazama, nta haikuwepo. Alikuwa ameshinda akirekodi katika chumba kidogo, madirisha yamefungwa.

Ndani kabisa ya sikio, mahali penye umbo la konokono, mna chembe zenye vinyweleo vyembamba mno. Hizo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka habari kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha, na ikizidi huziua. Zikifa haziotei tena, wala hospitali haina dawa ya kuziotesha. Yule kijana alipata nafuu baada ya siku mbili, lakini nafuu ya namna hiyo hudanganya, kwa maana madhara hujikusanya kidogo kidogo.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua kwa nusu. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Dramu ikipigwa kwa nguvu chumbani hufika hapo na kupita.

Kuta tupu na sakafu ya saruji huzidisha taabu kwa kuirudisha sauti. Basi simamisheni godoro ukutani, tandikeni mkeka au zulia, tundikeni mablanketi. (Jirani bado atasikia, tusidanganyane.) Mwangwi ukipungua, vipaza sauti navyo hunasa dramu safi zaidi. Hata kitaulo juu ya ngoma husaidia: Ringo Starr wa Beatles alitumia vitaulo hivyo miaka ya 1960, na rekodi zake hazikuharibika! Mazoezi fanyeni kwa kupiga mito. Dramu yenyewe ipigwe wakati wa kurekodi tu, kisha wote watoke nje wapumzike.

Hatari nyingine ni hedifoni. Mpigaji hutaka kuusikia wimbo juu ya kishindo chake, akaongeza sauti, akajipiga mara mbili. Atumie zile zinazofunika sikio lote, na sauti iwe ya chini. Wengine chumbani wavae vizibo vya sifongo. Pamba haitoshi. Kizibo husokotwa kikawa chembamba, sikio likavutwa juu na nyuma, kikaingizwa na kushikiliwa hadi kitanuke. Watoto wachanga wapelekwe mbali na chumba hicho.

Mvumo ukipita siku moja, njoo tukupime. Lakini sikio moja likiacha kusikia ghafla, fika hospitali siku hiyo hiyo, maana kuna dawa zinazoweza kusaidia zikianza mapema. Usitie mafuta, wala usichokonoe kwa njiti ya kiberiti.