Simu ya mkononi inaongeza faida lini?

Kutoka hapa Upanga hadi Kariakoo ni mwendo mfupi, lakini mwenye duka aliyeko mkoani hutumia siku nzima au zaidi njiani, pamoja na nauli na malazi. Siku hizi wengi wenu hamsafiri. Mnapiga simu, mnatumiwa picha ya bidhaa, mnalipa kwa simu na mzigo unakuja kwa basi. Je, simu inaongeza faida kweli? Watafiti wa vyuo vikuu wamelipima jambo hilo.

Kujua bei

Utafiti unaotajwa sana ni wa mchumi Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007. Alifuatilia wavuvi wa Kerala, India, kabla na baada ya minara ya simu kufika. Zamani boti zilijazana ufukwe mmoja na samaki wakatupwa, huku ufukwe wa jirani wanunuzi wakirudi mikono mitupu. Simu zilipofika, mvuvi aliulizia bei akiwa bado baharini, akaenda penye wateja. Utupaji wa samaki ulikaribia kwisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, na bei kwa walaji ikashuka kwa asilimia 4.

Lakini mwaka 2012 Marcel Fafchamps na Bart Minten walichapisha utafiti wa vijiji 100 vya Maharashtra, pia India. Huko baadhi ya wakulima walitumiwa bei za masoko kwa ujumbe mfupi. Bei waliyouzia mazao haikupanda kwa kiasi cha kuonekana.

Tunavyoona sisi, mvuvi aliweza kugeuza boti. Mkulima aliyekwisha kukopa kwa mnunuzi, au asiye na usafiri, atajua bei ya Kariakoo na bado atauza palepale shambani. Bei mpya inawafaa wale wanaoweza kuuza kwa mtu mwingine, kwa mfano majirani wanaokusanya mazao na kukodi gari moja.

Kupokea fedha

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Emma Riley, akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, alichunguza takwimu za kaya za Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Mvua zilipoharibika, kaya zinazotumia fedha kwa simu ziliweza kuendelea na matumizi yao bila kuyapunguza, kwani ni rahisi kutumiwa fedha na ndugu walio mbali. Majirani wa kijiji kilekile wasiotumia huduma hiyo hawakupata nafuu.

Hilo ni jambo la biashara pia. Kaya inayopata msaada mapema haili mtaji wala mbegu. Na nafuu haivuki ua yenyewe: simu ya jirani haitoshi. Mama au mzee asiye na laini asaidiwe kusajili ya kwake, kwa jina lake, na namba ya siri aijue yeye peke yake.