Arnold Potts

Arnold William Potts (16 Septemba 1896 – 1 Januari 1968) alikuwa mkulima na afisa wa Jeshi la Australia aliyepigana katika Vita Vikuu vya Kwanza na vya Pili vya Dunia. Anakumbukwa hasa kwa majuma machache ya Agosti na Septemba 1942, alipoongoza wanajeshi wa Australia waliorudi nyuma wakipigana dhidi ya Wajapani kwenye Njia ya Kokoda katika eneo la Papua. Mwezi uliofuata aliondolewa kwenye uongozi wa brigedi yake, na haki ya uamuzi huo inajadiliwa hadi leo.

Maisha ya awali na vita vya kwanza

Potts alizaliwa Peel katika Kisiwa cha Man. Mwaka 1904 familia yake ilihamia Australia Magharibi, naye akasoma Guildford Grammar School karibu na Perth. Aliandikishwa jeshini mwaka 1915 akiwa bado na umri wa miaka 18, akapelekwa Gallipoli, Uturuki, katika batalioni ya 16. Mwaka uliofuata alipandishwa kuwa afisa, akaongoza kikosi cha mota nchini Ufaransa na kutunukiwa Msalaba wa Kijeshi kwa mapigano ya Mouquet Farm. Julai 1918 alipigwa risasi kifuani karibu na Hamel, akarudishwa nyumbani akiwa majeruhi. Baada ya vita alifuga na kulima Kojonup, kusini mwa Australia Magharibi. Kovu la jeraha lile alikaa nalo maisha yake yote.

Syria

Mwaka 1940 alijitolea tena, ingawa kwa umri wake na jeraha lake hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki shambani. Alipewa cheo cha meja katika batalioni ya 2/16, iliyokuwa ya watu wa Australia Magharibi. Tarakimu 2 mbele ya mkwaju hutofautisha vikosi vya vita vya pili na vile vya vita vya kwanza vilivyokuwa na namba ileile.

Batalioni hiyo ilikuwa sehemu ya Brigedi ya 21 ya Divisheni ya 7. Juni na Julai 1941 ilipigana Syria na Lebanoni dhidi ya majeshi ya Ufaransa yaliyotii serikali ya Vichy: ilivuka mto Litani chini ya risasi, kisha ikashiriki mapigano ya Damour. Potts alipata nishani ya DSO kwa kampeni hiyo na baadaye mwaka huo akakabidhiwa batalioni. Japani ilipoingia vitani, divisheni ilirudishwa Australia, na mwaka 1942 Potts akawa brigedia, mkuu wa Brigedi ya 21.

Njia ya Kokoda

Tarehe 21 Julai 1942 Wajapani walianza kushuka pwani ya kaskazini ya Papua, karibu na Buna na Gona. Shabaha yao ilikuwa Port Moresby, bandari ya kusini. Walikuwa wameshindwa kuifikia kwa bahari baada ya mapigano ya Bahari ya Matumbawe mwezi Mei, hivyo sasa walijaribu kwa nchi kavu. Kati ya pwani hizo mbili imelala milima ya Owen Stanley. Njia pekee ya maana iliyoipita ilikuwa ya miguu, yenye urefu wa kilomita 96 hivi kutoka Owers' Corner hadi kijiji cha Kokoda, penye uwanja mdogo wa ndege. Njia hiyo hupanda na kushuka bila kukoma kwenye matope, mizizi na mito. Mvua hunyesha karibu kila siku, na usiku mlimani ni wa baridi kali.

Waliotangulia kukutana na Wajapani walikuwa askari wa Papua pamoja na vijana wa batalioni ya 39. Hiyo ilikuwa batalioni ya jeshi la akiba, ambalo kisheria halikuruhusiwa kutumwa nje ya ardhi ya Australia. Lakini Papua ilihesabiwa kuwa eneo la Australia. Walikuwa na mafunzo haba na silaha chache. Walipoteza Kokoda, wakarudi nyuma hadi Isurava, na hapo, chini ya Luteni Kanali Ralph Honner, wakachimba mashimo na kungoja.

Potts alipewa amri ya kupanda milima na kuitwaa tena Kokoda. Katikati ya Agosti batalioni za 2/14 na 2/16 zilianza safari kwa miguu, kila askari akibeba mzigo mzito. Aliambiwa kwamba posho na risasi zingemngoja Myola, bonde kavu lililo juu milimani ambako ndege ziliweza kudondosha mizigo. Alitarajia kukuta posho 40,000 lakini alikuta takriban 8,000, yaani chakula cha siku tano tu. Siku hizohizo Wajapani walikuwa wameteketeza kwa mabomu ndege kadhaa za usafirishaji kwenye uwanja wa Port Moresby, na mizigo mingi iliyodondoshwa ilipasuka au kupotea msituni. Kwa hiyo hata kabla risasi ya kwanza haijapigwa, shambulio aliloamriwa kulifanya lilikuwa haliwezekani. Aliwazuia askari wake nyuma akingoja chakula, huku batalioni ya 39 mbele ikizidi kudhoofika.

Isurava

Jenerali Tomitaro Horii alishambulia Isurava tarehe 26 Agosti. Alikuwa na mizinga ya milimani na bunduki nzito za rashasha. Waaustralia hawakuwa na mzinga hata mmoja. Askari wa 2/14 waliingia mstarini kundi baada ya kundi, kadiri walivyofika, kuwasaidia watu wa Honner. Tarehe 29 askari Bruce Kingsbury aliwarudisha nyuma Wajapani waliokuwa wamevunja mstari, akirusha risasi huku akitembea kuwaelekea, kisha akauawa na mdunguaji. Alitunukiwa Msalaba wa Viktoria baada ya kifo chake, wa kwanza kutolewa kwa kitendo kilichofanyika katika ardhi ya Australia.

Upande wa kulia, kwenye njia ya pili ng'ambo ya bonde, batalioni ya 53 ilishindwa kuwazuia Wajapani baada ya kiongozi wake kuuawa. Potts alilazimika kuipeleka 2/16 huko. Batalioni yake ya tatu, 2/27, ilikuwa bado Port Moresby, kwa kuwa wakati huohuo Wajapani walikuwa wameshuka Milne Bay na makamanda walihofia kuimaliza akiba yao. Pande zote mbili zikiwa hatarini kuzungukwa, Potts aliamuru watu waondoke Isurava.

Kurudi nyuma huku ukipigana ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kundi moja hubaki kumzuia adui, jingine hupita na kuandaa mstari mpya nyuma, na kila kamanda hana budi kukisia saa ambayo mstari wa mbele hauwezi tena kukaa. Akikisia mapema mno, anampa adui ardhi bure. Akichelewa, watu wanazungukwa. Kwa Potts palikuwa na hesabu nyingine, ile ya machela. Kila machela moja ilihitaji wapagazi wanane kwa zamu, hivyo majeruhi 20 wasioweza kutembea walihitaji watu 160, na wapagazi hao ndio haohao waliotakiwa kuleta chakula na risasi. Mara nyingi ilibidi mstari ushikiliwe hadi majeruhi wafike mbali vya kutosha. Kazi hiyo ilifanywa na wanaume wa Papua, wengi wao wakiwa wameandikishwa kwa lazima, na bila wao kikosi cha Potts kisingedumu hata juma moja.

Brigade Hill

Batalioni ya 2/27 iliwasili mwanzoni mwa Septemba, na sasa kwa mara ya kwanza Potts alikuwa na brigedi nzima, ingawa mbili kati ya batalioni zake zilikuwa zimechoka na kupungua. Wakubwa wake Port Moresby walimtaka asimame. Alichagua mgongo wa kilima kusini mwa Efogi, unaoitwa Brigade Hill tangu siku hizo. Kabla ya mapigano askari wake waliona usiku safu ndefu ya taa za Wajapani zikishuka mlima wa ng'ambo, nao hawakuwa na silaha ya kuzifikia.

Alfajiri ya tarehe 8 Septemba Wajapani waliopanda mteremko wa magharibi gizani walitokea kati ya makao ya Potts na batalioni zake. Makarani na wapishi wa makao walishika bunduki. Mashambulizi ya kuifungua njia yaligharimu maisha ya maafisa na askari wengi bila kufaulu. Hatimaye batalioni zilipita msituni upande wa mashariki. Mbili zilimfikia Potts. Ya 2/27, iliyobeba majeruhi, ilitangatanga karibu majuma mawili bila chakula kabla ya kutokea upande wa kusini.

Hili ndilo pigo baya zaidi katika uongozi wake, na wapo wanaosema alijitakia kwa kuacha nafasi ndefu kati ya makao na batalioni huku ubavu wa magharibi ukilindwa kidogo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mgongo wa kilima ni mwembamba na mrefu, na watu waliobaki hawakutosha kuuziba kote.

Tarehe 10 Septemba aliitwa Port Moresby kutoa taarifa, na Brigedia Selwyn Porter akashika nafasi yake. Batalioni za 2/14 na 2/16 zilipounganishwa zilikuwa na watu karibu 300 tu.

Kuondolewa

Wajapani walifika Ioribaiwa, karibu na mwisho wa njia, lakini walifika wakiwa na njaa. Kila siku waliyocheleweshwa ilikuwa imekula akiba yao, na nguvu za Japani zilikuwa zikielekezwa Guadalcanal. Mwishoni mwa Septemba Horii aliamriwa kurudi nyuma. Waaustralia waliingia tena Kokoda tarehe 2 Novemba.

Huku nyuma, mambo yalionekana tofauti. Jenerali Douglas MacArthur, mkuu wa majeshi ya washirika, alikuwa Brisbane. Aliamini kuwa Waaustralia walikuwa wengi kuliko adui lakini hawakutaka kupigana. Kwa shinikizo lake, Waziri Mkuu John Curtin alimtuma Jenerali Thomas Blamey kwenda Port Moresby. Blamey alimfukuza Luteni Jenerali Sydney Rowell mwezi Septemba. Oktoba ilikuwa zamu ya Potts, aliyeelezwa katika mazungumzo mafupi kwamba anaondolewa, kisha ya Meja Jenerali Arthur Allen. Maafisa kadhaa wa brigedi walitaka kujiuzulu kwa hasira, Potts aliwazuia.

Tarehe 9 Novemba Blamey alihutubia brigedi hiyo huko Koitaki. Alitumia mfano wa sungura anayekimbia ndiye apigwaye risasi, na waliomsikia walielewa kuwa wanaitwa waoga. Mwishoni mwa mwezo huo walitumwa Gona, chini ya Brigedia Ivan Dougherty, ambako walipata hasara kubwa sana. Baadhi ya wanahistoria wanaona kuwa maneno ya Koitaki yaliwasukuma kujitupa mbele bila kujali.

Kwa miaka mingi maandishi ya Kiaustralia yalisema Wajapani walikuwa wengi mara kadhaa kuliko watu wa Potts. Mwanahistoria Peter Williams, katika kitabu chake cha mwaka 2012, alipinga, akionyesha kutokana na kumbukumbu za Kijapani kwamba tofauti ya idadi ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo idadi si kitu pekee: mizinga, na posho ya Myola, vilibaki vilevile. Na amri ya kuitwaa Kokoda ilitolewa na watu ambao hawakuwa wameiona njia yenyewe.

Miaka ya mwisho

Potts alibadilishana nafasi na Dougherty, akapewa Brigedi ya 23 huko Darwin. Aliiongoza hadi mwisho wa vita, na mwaka 1945 ilipigana katika sehemu ya kati ya kisiwa cha Bougainville. Hakupewa tena cheo cha juu zaidi. Alirudi Kojonup kwenye shamba lake, akafia huko siku ya kwanza ya mwaka 1968. Wasifu wake ulioandikwa na Bill Edgar ulitoka mwaka 1999.