Bukavu: Mchwa na nyufa, mambo ya kuangalia ndani ya nyumba kabla mvua hazijarudi

Mwezi wa nane unaelekea mwisho, na Bukavu bado iko kavu. Huko Kadutu, ambako nyumba zimepandana mlimani mpaka manjanja ya mmoja yanafika kwenye kizingiti cha jirani wa juu, hizi ndizo wiki za mwisho za kupigilia misumari na kupaka rangi. Ni wiki pia ambazo nyumba inaweza kukaguliwa bila haraka. Mvua zikianza mwezi wa tisa, zitaendelea mpaka mwezi wa tano, na kuta ambazo zilikuwa zinavumilia huenda zikaachia usiku, watu wakiwa wamelala.

Kifaa cha kwanza cha ukaguzi huo hakigharimu sana: ni turnevisi. Unaichoma kwenye mguu wa nguzo, pale mti unapogusana na udongo. Mti mzima unakataa. Mti ulioliwa unaipokea kama mkate, hata kama rangi ya nje bado inang'aa. Asiyekuwa na turnevisi atumie mpini wa nyundo: agonge nguzo kutoka chini kwenda juu na kusikiliza. Sauti ikibadilika na kuwa kama ya debe tupu, ndani hakuna kitu tena.

Hiyo ndiyo hila ya mchwa. Wale wanaoharibu nyumba wanatoka ndani ya udongo, na hawapendi mwanga wala hewa kavu. Ndiyo maana mtu hawaoni wakitembea ukutani kama siafu. Wanajenga vijia vya udongo, vyembamba kama kalamu, kutoka chini mpaka kwenye mti, kisha wanakula sehemu ya ndani na kuacha ganda. Nguzo ya mkaritusi inaweza kusimama hivyo kwa muda mrefu, ikibeba paa kwa ganda tu, mpaka siku upepo wa kwanza wa mvua utakapolisukuma paa hilo.

Vijia hivyo vinatafutwa mahali ambapo watu hawaangalii: nyuma ya kabati, chini ya kitanda, kwenye pembe ya dushi, pale kuni na mbao zilizobaki zinapoegemezwa ukutani. Ukikiona kimoja, usikifute chote. Vunja kipande kidogo katikati na urudi baada ya siku chache. Kama kimerekebishwa, mchwa bado wako kazini.

Kumbikumbi nao wana habari zao, ingawa wengi hawaziulizi kwa sababu wanaishia kwenye sufuria. Wakija kwa wingi kwenye taa ya nje baada ya mvua, hakuna la kuogopa. Wanaweza kuwa wametoka kwenye kichuguu cha mbali. Lakini wakitokea ndani, kwenye ufa wa sakafu au kwenye fremu ya mlango, au ukikuta asubuhi mabawa yao yamelala chini ya dirisha lililokuwa limefungwa, basi wenyewe wako chini ya nyumba au ndani ya ukuta.

Mchwa hawako peke yao. Kuna vidudu vinavyotoboa mbao kavu na kuacha matundu madogo ya duara, na chini yake unga laini kama wa muhogo. Hao wanaonekana zaidi kwenye miti ya paa na kwenye vitanda, na kazi yao ni ya polepole. Panya ni jambo lingine. Wanachimba chini ya sakafu na kando ya msingi, na maji ya mvua yanafuata njia ileile waliyoifungua. Tena wanatafuna nyaya za umeme. Katika mji ambamo moto umeteketeza nyumba za mbao mara nyingi, hasa Kadutu, waya uliotafunwa juu ya plafon ya tripleksi si kitu cha kuahirisha.

Sasa ukuta wenyewe. Si kila ufa ni hatari, na kuogopa kila ufa kunapoteza pesa. Mistari myembamba kama unywele juu ya krepisaji mara nyingi inatokana na simenti iliyokauka haraka. Ufa wa kuangalia kwa makini ni ule unaoanza kwenye pembe ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari, ukifuata viungo vya matofali kama ngazi, hasa ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine. Huo unasema kwamba sehemu moja ya nyumba inashuka na nyingine imebaki. Mlango unaokwama wakati wa mvua unaweza kuwa umevimba tu. Mlango ulioanza kukwama wakati wa kiangazi umepindwa na kitu kingine.

Bukavu ina sababu zake. Mji umejengwa juu ya miteremko yenye udongo mzito wa mfinyanzi, na sehemu nyingine, kama Funu, zinajulikana kwa ardhi inayotembea polepole mwaka baada ya mwaka. Tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili 2008 nalo liliacha nyufa katika nyumba nyingi. Ufa wa zamani ambao haujasogea si sawa na ufa unaotembea, na kuna njia rahisi ya kuvitofautisha: piga mstari wa kalamu mahali ufa unapoishia na kuandika tarehe. Mafundi masoni wanabandika pia kipande chembamba cha plasta juu ya ufa. Plasta ikipasuka baada ya wiki au miezi, ukuta bado unatembea.

Watu wengi wanadhani mchwa ni shida ya nyumba za mbao na nyufa ni shida ya nyumba za matofali. Kwa kweli vitu hivi viwili vinasaidiana. Mchwa hawali simenti, lakini ufa mwembamba sana unawatosha kupita, kwa hiyo nyumba ya matofali iliyopasuka chini imewafungulia njia ya kwenda kwenye fremu na kwenye paa. Wakishakula mti unaolala juu ya ukuta na kubeba paa, uzito haugawanyiki sawasawa tena, na ukuta unaanza kupasuka kutoka juu. Fundi anayeitwa kufunika ufa huo kwa simenti atalipwa, ataenda, na ufa utarudi, kwa sababu chanzo chake kiko kwenye mti. Maji nayo yanachangia pande zote mbili: paa linalovuja au dushi isiyo na mfereji inalainisha udongo wa msingi na kuwapa mchwa unyevu wanaoutafuta.

Dawa inayopendwa zaidi mitaani ni vidanje, mafuta machafu ya gari. Ni rahisi kupata na inafanya mbao ziwe nyeusi, lakini inabaki juu juu, na mchwa wanaingilia chini, kwenye ncha iliyozikwa. Inaongeza pia hatari ya moto, inachafua udongo na maji, na si salama kwa ngozi ya anayeipaka. Dawa za shambani zinazopulizwa ndani ya chumba cha kulala zinaua mchwa waliofikiwa na kuacha kiota, huku watoto wakilala ndani ya harufu hiyo.

Kinachosaidia zaidi ni kutenganisha mti na udongo: kuweka mguu wa nguzo juu ya jiwe au bloki ya simenti inayoinuka juu ya ardhi, kuondoa kuni ukutani, kuchimba mfereji ili maji yasilale karibu na msingi. Nguzo iliyoliwa inabadilishwa, lakini kwanza paa linashikizwa kwa nguzo za muda. Kuing'oa kabla ya hapo ni kuliangusha paa juu ya fundi.

Kwa wapangaji, ugumu uko kwingine. Sheria ya mwaka 2015 juu ya upangaji imeweka kikomo cha garanti ya makao kuwa miezi mitatu, lakini mwenye familia akishaitoa, anaogopa kulalamika asije akaondolewa. Mwenye nyumba naye anasubiri mpangaji aseme. Njia ya kati ni kupita pamoja ndani ya nyumba siku ya kuchukua funguo, kuchoma nguzo kwa turnevisi mbele ya wote wawili, kupiga picha na kuandika kilichoonekana.

Kuna dalili ambazo hazingoji fundi. Ukuta wa kuzuia udongo uliotoka tumbo, ufa uliorefuka kwa usiku mmoja, miti ya paa inayolia bila upepo, maji ya matope yanayotoka chini ya ukuta wa upande wa mlima. Usiku wa namna hiyo watoto wanahamishwa kwa jirani kabla ya godoro na vyombo, na mlango unaachwa bila kufungwa kwa ufunguo.