Je, Wajua? Ushuru wa Kila Siku, Kutoka Malindi Hadi Milano

Je, wajua kwamba mama anayekaanga mahamri alfajiri kule Maweni, Malindi, ni mlipa ushuru hata kama hajawahi kukanyaga ofisi ya KRA? Sukari aliyotia kwenye donge ina ushuru. Mafuta yanayochemka kwenye karai yana ushuru. Simu anayompigia mteja wake wa hoteli ina ushuru mara mbili. Wengi wetu hapa Kilifi tukisikia neno "mlipa ushuru" humwazia mwalimu anayekatwa mshahara, au tajiri mwenye nyumba za wageni Watamu. Huyo mama hatumhesabu, naye hulipa kila siku, na halipwi shukrani na mtu.

Je, wajua namna ya kuuona ushuru uliojificha ndani ya bei? VAT ya Kenya, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, ni asilimia 16, na bei ya dukani huwa tayari imeubeba. Chukua bei, igawe kwa 116, kisha uzidishe kwa 16. Sabuni ya shilingi 145, basi, ina shilingi 20 za serikali. Jaribu hesabu hiyo kwenye risiti yako ya jioni hii, bidhaa moja baada ya nyingine. Inafungua macho.

Je, wajua bidhaa hiyo hiyo ingekugharimu ngapi kwingineko? Tuseme bei yake kabla ya VAT ni 100. Malindi utalipa 116. Vuka mpaka wa Lungalunga uingie Tanga, ni 118. Panda boti hadi Unguja, ambako serikali ya Zanzibar ina VAT yake yenyewe, ni 115. Kampala na Kigali ni 118. Muscat, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili mpaka leo, ni 105 tu, na ushuru wenyewe ulianza Aprili 2021. Kabla ya hapo haukuwepo kabisa. Milano ni 122. Budapest ni 127, na hakuna nchi ya Ulaya iliyoipita Hungaria kwa hilo.

Wasichana wetu waendao Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani hawakatwi kodi ya mapato kwenye mshahara wao. Lakini wakienda dukani hulipa VAT ya asilimia 15. Ilikuwa asilimia 5, ikapandishwa hadi mara tatu yake kwa siku moja mnamo Julai 2020.

Je, wajua kwamba Kenya nayo iliwahi kushusha? Aprili 2020, korona ilipofunga hoteli zetu, VAT ilishushwa hadi asilimia 14. Januari mosi 2021 ikarudi 16. Je, bei za dukani zilishuka kwa miezi ile? Muulize yeyote aliyekuwa akinunua.

Sasa mkate. Kenya haitozi VAT kwenye mkate wa kawaida wala unga wa mahindi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate uanze kutozwa asilimia 16, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyowatoa vijana barabarani mwezi wa Juni mwaka huo, Malindi na Kilifi zikiwemo. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Watu walipoteza maisha. Kila ukikata kipande cha mkate usio na VAT, jua una historia ya karibu sana.

Waitaliano waliojaza majumba yao hapa Malindi, kwao mkate, maziwa na pasta hutozwa asilimia 4 tu badala ya 22, kwa kuwa serikali yao imeamua hicho ni chakula cha kila mtu. Pasta hiyo hiyo kwenye rafu ya supamaketi ya Malindi hutozwa asilimia 16 kamili, kwa kuwa kwetu haimo kwenye orodha ya vyakula vya lazima. Wadenmark hawana orodha ya aina hiyo: mkate, televisheni, viatu, vyote asilimia 25.

Na Uingereza? Keki haina VAT, bali biskuti iliyopakwa chokoleti ina asilimia 20. Mwaka 1991 shauri lilifika mbele ya baraza la kodi kuamua kama Jaffa Cakes ni keki au ni biskuti. Hoja moja iliyozingatiwa ni kwamba keki ikikaa huwa ngumu, biskuti ikikaa hulainika. Jaffa Cakes zikaonekana ni keki, na mpaka leo hazitozwi.

Je, wajua jambo ambalo Kenya iliutangulia ulimwengu mzima? Mwaka 2004 ilifuta VAT kwenye sodo, kabla ya nchi nyingine yoyote. Uingereza ilifanya hivyo Januari 2021, miaka kumi na saba baadaye. Tanzania ilifuta 2018, ikairudisha 2019. Hili tuliseme kwa sauti, maana mara nyingi tunahesabu yale tuliyochelewa tu.

Tuje kwenye simu, mahali ambapo serikali za Afrika zimejifunza kuvuna.

Ukituma pesa kwa M-Pesa Kenya, ushuru haukatwi kwenye pesa unayotuma bali kwenye ada. Ushuru huo wa bidhaa ni asilimia 15 tangu Julai 2023. Kabla ya hapo ulikuwa 12. Ukikatwa ada ya shilingi 23, basi shilingi 3 zimekwenda Hazina ya Taifa. Ni kidogo, lakini hesabu ni mara ngapi kwa wiki unatuma: karo, mchango wa matanga, nauli ya mtoto aliyeko Mombasa.

Uganda walijaribu njia nyingine. Julai 2018 walitoza asilimia 1 ya pesa yenyewe, pamoja na shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetaka kutumia WhatsApp au Facebook. Kabla ya mwaka kwisha ile asilimia 1 ilipunguzwa hadi nusu asilimia, tena kwa wanaotoa pesa tu. Ushuru wa mitandao ukafutwa 2021, na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Tanzania Bara ilileta tozo Julai 2021: kati ya shilingi 10 na 10,000 za Tanzania kwa kila muamala, kulingana na kiasi. Kilio kilikuwa kikubwa hata tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, kisha ikaendelea kupunguzwa. Kongo (DRC) walikata ushuru wa kusajili simu moja kwa moja kwenye muda wa maongezi wa wananchi, nao ukaondolewa 2022. Ghana walianza na asilimia 1.5 mwaka 2022, wakaufuta 2025.

Tazama mfululizo huo. Kila nchi humo iliyogusa pesa yenyewe inayotumwa ilirudi nyuma. Maoni yangu ni kwamba mtu huvumilia kukatwa kwenye huduma aliyopewa. Kukatwa kwenye pesa ya dawa anayomtumia mama yake hakuvumiliki, na hapaswi kuvumilia.

Na wale walio na ndugu Marekani wajue: tangu Januari mosi 2026, anayetuma pesa nje ya nchi hiyo kwa kulipa noti taslimu hutozwa asilimia 1. Akituma kutoka kwenye akaunti ya benki au kwa kadi, hatozwi. Mwambie.

Je, wajua kwamba Italia hulipisha televisheni kupitia bili ya stima? Kila nyumba yenye televisheni hulichangia shirika la utangazaji la taifa, RAI, na tangu 2016 malipo hayo huja pamoja na umeme. Mwaka 2025 yalikuwa euro 90. Ujerumani ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Tanzania ilipitisha kodi ya majengo kwenye LUKU, umeme wao wa kulipia kabla, kuanzia Agosti 2021: shilingi 1,000 za huko kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Tatizo lake liliwafikia wapangaji mara moja. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, basi mpangaji ndiye anayekatwa, na kumdai mwenye nyumba amrudishie si kazi rahisi. Kwetu Kenya, ukinunua tokeni, ujumbe unaokuja kwenye simu huonyesha makato. Usome hadi mwisho. Utaona VAT ya asilimia 16, utaona na asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini. Mtu wa Bamba au Vitengeni anayesubiri nguzo imfikie ana haki ya kujua kwamba sote tunalipia nguzo hiyo.

Petroli: kila lita inayoingia kwenye tuktuk ya Malindi ina shilingi 25 za kutunza barabara, zilizopanda kutoka 18 mwezi Julai 2024. VAT kwenye mafuta haikuwepo kabla ya 2018. Ikaja kwa asilimia 8, na 2023 ikawa 16.

Lakini ninayemwonea uchungu ni mtumiaji wa mafuta taa. Tangu 2018 kila lita hubeba shilingi 18 za ziada, zilizowekwa ili wafanyabiashara wasichanganye mafuta taa na dizeli. Nia ilikuwa njema: mafuta machafu huua injini. Ila bibi wa Ganze anayewasha koroboi ili mjukuu asome hana lori wala kituo cha dizeli. Analipia uchakachuaji wa watu wengine, kibaba kwa kibaba, kila jioni.

Mgeni naye hulipa. Hoteli za Watamu hutoa asilimia 2 ya mauzo ya vyumba, chakula na vinywaji kwa mfuko wa utalii. Zanzibar humtaka mgeni kutoka nje anunue bima ya dola 44 tangu Oktoba 2024. Na Venezia, mji wa hao hao wageni wetu, ulianza Aprili 2024 kutoza euro 5 kwa anayeingia kutembea mchana bila kulala, katika siku za msongamano.

Je, wajua kwamba mfalme wa Malindi aliwahi kula ushuru wa Mombasa? Mwishoni mwa karne ya 16 Wareno walimhamishia Mombasa kama rafiki yao, wakamwahidi theluthi ya mapato ya forodha ya bandari ile. Miaka mia tatu baadaye, kuanzia 1895, Waingereza walikuwa wakimlipa Sultani wa Zanzibar pauni 11,000 kila mwaka kwa ukanda wa maili kumi wa pwani yetu, na juu yake pauni 6,000 za riba. Wakazi wa ukanda wenyewe hawakuulizwa.

Wagiriama pia hawakuulizwa. Ushuru wa nyumba ulipoletwa mwanzoni mwa karne ya 20, ulihesabiwa kwa kila nyumba, na kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Utawala ulitaka zaidi ya rupia; ulitaka vijana waende kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Wagiriama walikuwa na nafaka yao ya kuuza, hawakuona sababu ya kwenda. Mmoja wao, Mekatilili wa Menza, akazunguka akiwalisha watu kiapo wasikubali. Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti, na vita kati yao vilipokwisha wakawatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000. Sanamu ya Mekatilili imesimama katikati ya Malindi. Watoto wengi hupiga picha hapo. Waambiwe kwamba ushuru ulikuwa sehemu ya kisa hicho.

Chumvi nayo ina kisa chake. Ukipita Gongoni na Marereni utaziona chungu nyeupe kando ya barabara, sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya. Bahari hiyo hiyo ya Hindi ndiyo Gandhi aliyoiendea 1930 kuokota chumvi ufukweni kwa kukaidi ushuru wa Waingereza. Ufaransa ushuru wa chumvi ulichukiwa hata mapinduzi yakaufuta mwaka 1790. Italia, chumvi iliuzwa kwa ukiritimba wa serikali hadi miaka ya 1970, na baadhi ya maduka ya tumbaku bado yana kibao kilichoandikwa "Sali e Tabacchi".

Je, wajua, la mwisho, kwamba Ibara ya 210 ya Katiba ya Kenya inakataza ushuru au ada ya leseni yoyote kutozwa, kubadilishwa au kusamehewa bila sheria? Hilo linaihusu serikali kuu na linaihusu kaunti pia, kuanzia VAT hadi tikiti ya sokoni anayokatiwa muuza mchicha. Na sheria haipitishwi kabla ya wananchi kupewa nafasi ya kusema. Mswada wa Fedha wa taifa hujadiliwa Mei na Juni. Kaunti nayo huleta wake. Ukisikia kikao kimeitwa Malindi, Ganze au Mariakani, nenda, na uende na risiti zako mkononi.