Redio ya Setilaiti Nyumbani na Kwenye Gari: Je, Mkulima wa Songea Anunue?

 

Kuna swali ambalo vijana kadhaa wameniuliza kwa nyakati tofauti, wengine wa upande wa Namtumbo, wengine huku kwetu Songea Vijijini. Linasema hivi: "Bwana shamba, nimeonyeshwa redio ndogo inayoshika setilaiti, inabebeka, muuzaji anasema nitasikiliza shambani, nyumbani na hata kwenye gari bila kutegemea mnara. Ninunue?"

Ni swali zuri, kwa sababu anayeuliza ameshaelewa kwamba taarifa nayo ni pembejeo. Ila kabla hujatoa hela mfukoni, soma hadi mwisho.

Kwa nini redio bado ina maana kwa mkulima wa biashara

Mkoa wetu unapata mvua mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukikosea wiki mbili za kupanda mahindi, huna msimu wa vuli wa kujitetea kama wenzetu wa Kaskazini. Utabiri wa msimu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla mvua hazijaanza, na baadaye zinafuata taarifa fupi fupi za siku kumi na tahadhari za mvua kubwa. Redio ndiyo inayozifikisha kijijini haraka.

Halafu kuna soko. Tangazo la NFRA kufungua vituo vya kununua mahindi, ratiba ya minada ya ufuta, mbaazi na soya kupitia stakabadhi ghalani, tarehe za kuhuisha taarifa zako kwenye daftari la wakulima ili upate mbolea ya ruzuku: yote haya hupita redioni. Piga hesabu ndogo. Una magunia 60 ya kilo 100, yaani kilo 6,000. Mlanguzi amekufuata shambani na bei iliyo chini ya kituo kwa shilingi 100 tu kwa kilo. Ukimuuzia kwa kuwa hukusikia tangazo, umemwachia shilingi 600,000. Hapo bado hatujaweka lumbesa.

Na ukweli ni kwamba mashamba yetu mengi mazuri yako mabondeni, mbali na barabara ya lami, ambako simu inasoma "hakuna mtandao" na FM inakoroma. Ndiyo maana neno "setilaiti" linawavutia vijana. Sasa tuliangalie vizuri.

Redio ya setilaiti yenyewe ilikuwaje

Afrika tuliwahi kuwa nayo kweli. Kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar mwezi Oktoba 1998. Setilaiti hiyo iliwekwa juu ya mstari wa ikweta, nyuzi 21 Mashariki, umbali wa kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, na ikaelekeza mawimbi yake Afrika nzima. Kampuni kama Hitachi, Sanyo, Panasonic na JVC zikatengeneza vipokezi vidogo vya kubeba mkononi.

Kipokezi kilikuja na antena bapa. Unaitoa nje au unaiweka dirishani, unaielekeza iliko setilaiti, unasikiliza matangazo safi bila mkwaruzo, uwe mjini au katikati ya pori. Kwa mtu wa Songea, antena ingeelekezwa kaskazini-magharibi, ikitazama juu sana, karibu nyuzi 69 kutoka usawa wa ardhi.

Kilichonivutia zaidi mimi kama mtu wa ugani ni matumizi yake kwa wakulima. Kulikuwa na mradi ulioitwa RANET, uliotokana na kituo cha hali ya hewa cha Afrika, ACMAD, kilichopo Niamey nchini Niger. Mradi huo ulitumia setilaiti hiyohiyo kupeleka taarifa za hali ya hewa vijijini. Kipokezi kiliunganishwa na kompyuta, taarifa na ramani zinashuka kutoka angani, kisha redio ya jamii inazisoma kwa lugha ya wenyeji. Wazo lilikuwa zuri mno.

Lakini biashara haikusimama. Vipokezi vilikuwa ghali kwa mwananchi wa kawaida, na baadaye wasikilizaji wakatakiwa kulipia. Oktoba 2008 kampuni iliomba kinga ya mahakama huko Marekani kwa sababu ya madeni, na baada ya hapo huduma ikazimika.

Kwa hiyo ukiuziwa leo, umeuziwa nini?

Hapa ndipo hela za vijana zinapopotea, kwa hiyo naweka wazi.

1. *Kipokezi cha WorldSpace.* Sehemu ya setilaiti haina kazi tena. Baadhi ya vipokezi vya mwanzo vilikuwa pia na FM, AM na masafa mafupi. Kama ni hicho, kinunue kwa bei ya redio ya kawaida iliyotumika, si zaidi.

2. *Kipokezi cha XM au Sirius.* Hivi vinatoka Marekani, na vingine huja ndani ya magari yaliyotumika. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 2008 na zinahudumia Amerika Kaskazini tu. Setilaiti zake hazituelekei, na hata huko mteja hulipia kila mwezi. Kwa Songea ni pambo.

3. *Redio iliyoandikwa "satellite" kwenye boksi tu.* Zipo nyingi. Ukiifungua ni FM ya kawaida yenye sehemu ya flashi. Hakuna ubaya wowote, mradi ujue unachonunua.

Kipimo rahisi ni hiki: mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, nje, aishike idhaa ya setilaiti na uisikie. Akianza kusema "mpaka ufike kijijini", rudisha pochi yako mfukoni.

Nyumbani: setilaiti unayo tayari

Kinachofanya kazi kwa sasa ni dishi. Nyumba nyingi za vijijini zina dishi na king'amuzi kwa ajili ya mpira na tamthilia, na wenye nyumba hawajui kwamba ving'amuzi vingi vina sehemu ya redio pia. Chukua rimoti, tafuta kitufe cha redio au ingia kwenye menyu, utaona orodha ya idhaa. Sauti inashuka kutoka angani moja kwa moja, haijali bonde wala mlima. Idhaa hubadilika kwa kila kampuni, kwa hiyo kabla ya kununua uliza mambo mawili: redio zipi za nyumbani zimo, na kifurushi kikiisha zinabaki au zinakatika.

Mambo ya kuzingatia kwenye kufunga:

- Mwelekeo. Dishi linalotafuta setilaiti ya nyuzi 7 Mashariki, ambako ndiko Azam TV iliko, huku Songea linatazama magharibi, limeinamia kaskazini kidogo, kwa nyuzi kama 55 kwenda juu. Lile la nyuzi 36 Mashariki, la DStv, linatazama kaskazini na karibu juu kabisa, nyuzi kama 77. Usishangae sahani yenyewe ikionekana imesimama zaidi ya hapo, ndivyo madishi haya madogo yalivyotengenezwa. Fundi atamalizia kwa kipimo chake.
- Miti. Kwa dishi la magharibi, mti ulio mita 10 mbele yake utaziba kama umelizidi dishi kwa kimo cha mita 14 hivi. Mwembe na mparachichi hukua, kwa hiyo fikiria miaka mitatu mbele.
- Mvua. Mawimbi ya madishi haya hudhoofishwa na mvua kubwa. Januari na Februari wingu zito likikaa, picha na sauti vinakatika kwa dakika kadhaa. Usitegemee dishi pekee kwa tahadhari ya dhoruba. Kuwa na redio ndogo ya betri pembeni.
- Umeme. Angalia maandishi kwenye adapta ya king'amuzi. Kama inatoa volti 12, fundi wa sola anaweza kukiunganisha na betri kwa kifaa cha kutuliza volti, bila kupitia inveta. Inveta nayo inakula umeme. Na kwa kuwa unasikiliza tu, zima televisheni na tumia spika ndogo kama king'amuzi chako kina tundu la sauti.

Kwenye gari: hapa dishi halikusaidii

Dishi lazima litazame sehemu moja angani bila kuyumba. Gari linalokata kona za Songea kwenda Mbinga haliwezi kulifanyia hivyo. Hata zile antena bapa za WorldSpace zilihitaji kutulia, labda umeegesha. Kwa hiyo kwenye gari turudi kwenye FM, lakini tuitumie kwa akili.

Tatizo kubwa la magari yetu ni hili. Gari nyingi zimetoka Japan zikiwa zimetumika, na redio zake zinasoma FM ya kwao, megahezi 76 hadi 90. Zile mpya kidogo zinafika 95. FM ya Tanzania inaanzia 87.5 hadi 108. Maana yake nusu na zaidi ya idhaa zetu hazionekani kabisa kwenye hiyo redio, na mwenye gari anadhani antena imekufa. Una njia tatu:

1. Ekspanda. Ni kidude kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, kinatumia volti 12 za gari. Kinashusha masafa. Kikishusha kwa 14, idhaa ya 98.0 utaikuta kwenye 84.0. Ni njia ya bei nafuu, ila idhaa chache zinaweza kugongana.
2. Kubadilisha redio. Ghali kidogo, lakini inamaliza tatizo. Hakikisha ina sehemu ya flashi na Bluetooth.
3. Kidude cha tundu la kiberiti. Kile kinachopokea flashi au simu kisha kinarusha kwenye FM ya gari. Kwa redio ya Kijapani kitegeshe kati ya 87.5 na 90, sehemu ambayo redio zote mbili zinaielewa. Chagua namba isiyo na kituo.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa wakulima wanaosafirisha mazao. Ukiwa mjini Songea kwenye mtandao mzuri, pakua vipindi vya kilimo, mafunzo ya viwavijeshi vamizi, au sauti ambazo maafisa ugani tunazituma kwenye makundi ya WhatsApp. Weka kwenye flashi. Safari ya Tunduru au Makambako ni masaa, na unayatumia kujifunza badala ya kusikiliza mkwaruzo. Fuso lina kijana wa kupakia na dereva, nao watasikia.

Angalizo moja: ukiwa umezima injini, usiache redio ikiunguruma muda mrefu. Betri ikilala njiani na mzigo wa nyanya nyuma, hasara ni yako.

Shambani, kwa mguu au pikipiki

Simu ndogo nyingi zina FM isiyohitaji bando. Nyaya za masikioni ndizo antena yake, kwa hiyo chomeka hata kama unatumia spika. Panda sehemu ya mwinuko, mara nyingi mita chache tu zinatosha kubadilisha usikivu. Lakini ukiwa unaendesha pikipiki, toa masikioni. Nakuhitaji ukiwa mzima.

Na pale simu inaposhika hata mnara mmoja, kumbuka *152*00#. Haihitaji simu janja, na huduma ya M-Kilimo inapatikana humo.

Utaratibu wa wiki

Kifaa bila ratiba ni kelele tu. Fanya hivi: chagua vipindi viwili vya kilimo na taarifa moja ya habari kwa siku, ujue saa zake. Tenga daftari. Andika tarehe, taarifa, na chanzo. Ukisikia bei, andika ni bei ya wapi na ya kipimo gani, maana bei ya Dar es Salaam siyo bei ya Songea: kati yake kuna usafiri, ushuru na magunia. Ukisikia tangazo la kununua mazao, lithibitishe kwa AMCOS yako au ofisi ya kata kabla hujapakia. Mkiwa kikundi, mmoja asikilize asubuhi, mwingine jioni, mpeane taarifa.

Sasa, ununue au usinunue?

Redio ya setilaiti ya kubeba mkononi: usinunue, haina cha kupokea huku kwetu. Kama una dishi nyumbani, anza leo kutumia sehemu yake ya redio. Kama una gari la Kijapani, shughulikia ekspanda au kidude cha flashi kabla ya msimu wa kuuza. Kama huna vyote viwili, redio nzuri ya FM yenye sola na betri inatosha sana, na hela inayobaki ongezea mbegu bora.

Ukiwa bado una shaka na kifaa ulichoonyeshwa, usione haya, kilete ofisini kwa afisa ugani wa kata yako kabla hujalipa. Tutakiwasha pamoja, tusikilize kinachotoka.

Nakutakia maandalizi mema ya shamba.